Konokono wa Kinyozi

Chiriku aliingia dukani kwa baba yake na mfuko wa nailoni uliojaa maji, akauweka mezani kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, akasema ameleta konokono.

Baba yake alikuwa anapangusa kiti. Mteja aliyenyolewa punde alikuwa bado anajitazama kisogo kwa kioo cha mkononi, na Fundi Saa, ambaye kibanda chake cha kutengeneza saa kilitazamana na duka hilo, alikuwa benchini pa kusubiri ingawa hakuwa akisubiri chochote. Wote watatu waliutazama ule mfuko. Mle ndani, wameng'ang'ania nailoni, walikuwamo wanyama wadogo mithili ya kokoto nyeusi zenye mistari ya manjano. Mmoja alikuwa safarini tayari.

"Wa nini hao?" kinyozi aliuliza.

"Wa tangi, Baba. Wanakula ukoga. Hawana kazi nyingine duniani."

Tangi lenyewe lilikuwa pembeni, juu ya kabati la taulo, na kusema kweli lilikuwa linatia haya. Miaka yote hilo ndilo lililokuwa pambo la duka. Watoto walionyolewa wakilia walinyamazishwa kwa samaki wake wekundu, na watu wazima waliokaa foleni walibishana ni samaki yupi aliyenenepa. Kinyozi alilisugua mwenyewe kila wiki kwa wembe aliokwisha kuutumia, mpaka mtu akadhani maji yamesimama bila kioo. Kisha siku moja wembe ulimponyoka, ukachana gundi ya kwenye kona, maji yakavuja mpaka kwenye viatu vya wateja. Gundi ilizibwa, lakini tangu siku hiyo hakuligusa tena. Ukoga ukatanda. Kwanza ulikuwa kama vumbi la kijani, baadaye kama zulia, na samaki wakawa wanapita nyuma yake kama watu nyuma ya pazia. Kuna mteja aliyemuuliza kama siku hizi anafuga mchicha. Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, maana mwenye duka hana ruhusa ya kununa.

"Kwa hiyo umeniletea vibarua," alimwambia bintiye.

"Nimekuletea wasaidizi."

"Wa kunisaidia nini? Konokono hana hata mikono."

Alikusudia mzaha. Lakini hakuna aliyecheka, kwa sababu wote watatu, bila kutaka, macho yao yalikwenda kwenye mkono wake wa kulia. Kitambaa alichokishika kilikuwa kinacheza. Aliona wanavyoona. Akautumbukiza mkono mfukoni, kitambaa na vyote.

Mteja aliaga haraka. Fundi Saa akakumbuka kwamba kuna saa ya mtu inayomngoja. Chiriku alisogea kwenye tangi. Alifungua mfuko, akauelekeza taratibu ndani ya tangi, akawaachia konokono wazame mmoja mmoja. Kisha akaenda zake kazini, kwenye saluni ya wanawake alikokuwa akisuka.

*

Mtaani walimwita kinyozi Mkono Mwepesi. Jina hilo alipewa na wanaume waliolala usingizi kitini akiwanyoa, wakaamshwa kwa harufu ya spiriti. Alikuwa akiamini kwamba mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, kwa nguo na hata kwa machozi, ila hawezi kudanganya kwa mkono. Ndiyo maana mkono ulipoanza kutetemeka aliuficha kama mtu anavyomficha ndugu mlevi siku ya wageni. Chai alikunywa kwa kushika kikombe kwa mikono miwili, akasingizia baridi. Shati alivaa lisilo na vifungo. Nyumbani, mkewe, mpishi wa shule, alianza kumpakulia kwenye bakuli badala ya sahani, bila kueleza sababu, naye akala bila kuuliza.

Jioni ile alimlalamikia mkewe kwamba mtoto wao amemvunjia heshima mbele ya watu. Mkewe alimuuliza heshima gani hiyo inayovunjwa na konokono. Kinyozi akasema kwamba kumsafishia mtu tangi lake ni kumwambia kuwa ameshindwa. Mkewe alikuwa anachambua mboga, na hakuinua kichwa.

"Mimi ukinisaidia kuchambua hizi mboga sitasema umenitukana," alisema.

Kinyozi akajibu kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Hata hivyo akavuta kigoda, akaanza kuchambua, na majani mengine yakaanguka chini, na hakuna aliyeyazungumzia.

Aliapa kuwapa konokono wiki moja tu. Wasipofanya kazi, watarudi kwa mwenyewe aliyewauza. Chiriku alikuwa ameachiwa masharti na muuzaji, akayafikisha kama alivyoyapokea: tangi lifunikwe, kwa maana konokono ni mtembezi na akitoka nje hukauka, maji yasitiwe dawa yoyote ya samaki yenye shaba, na wapewe kitu chenye chokaa ili magamba yao yasiliwe na maji. Mke wa kinyozi akaanza kuhifadhi maganda ya mayai, akayasaga, akayatia kwenye karatasi. Kinyozi aliyabeba hadi dukani akinung'unika kwamba vibarua wa siku hizi wanataka na marupurupu.

Ila alikuwa akiwatazama. Dukani kukiwa shwari, alisogeza kiti mbele ya tangi akajifanya anasoma gazeti. Konokono alijibandika kwenye kioo, na kwa upande huu wa nje ukauona mdomo wake ukifunguka na kufumba, mdogo kuliko punje ya ufuta, na kila alipofungua alikwangua. Nyuma yake ilibaki njia safi, yenye mikwaruzo midogo iliyokwenda kulia na kushoto, kulia na kushoto. Kinyozi aliikodolea macho njia ile akahisi anaifahamu. Ilikuwa njia ya mashine kichwani.

"Njoo uone," alimwambia Fundi Saa siku iliyofuata. "Huyu ameanzia kisogoni. Anafuata ukingo, harukiruki. Akimaliza anarudi kuhakikisha. Kuna watu wana maduka mjini hawalijui hilo."

Fundi Saa alivaa kile kioo chake cha jichoni anachochungulia nacho vyuma vya saa, akainama, akakubali kwamba ni fundi kweli, ila kwa mwendo ule mteja ataingia kijana atoke ana mvi. Kinyozi alicheka mpaka akakohoa. Wiki ikaisha na hakuna aliyezungumzia kuwarudisha. Kioo cha mbele kilitakata kwanza, kisha cha pembeni, na samaki wakajitokeza tena, wekundu kama wamenunuliwa jana. Wateja waliokaa benchini walianza kuinuka wenyewe kwenda kuchungulia. Yule aliyeuliza habari za mchicha alikuwa wa kwanza kusifu. Kinyozi alipokea sifa zile kama zake.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Kwenye jiwe la tangini vilizuka vidoa vyeupe, vigumu, vilivyogoma kukwanguka. Chiriku akamweleza kuwa ni mayai ya konokono, na kwamba hayaanguliki kwenye maji yasiyo na chumvi. Watataga maisha yao yote, lakini humo tangini hatazaliwa mtoto.

"Basi kazi yote hii hawana wa kumwachia," alisema kinyozi.

Chiriku alikuwa anakusanya taulo chafu za kwenda kufuliwa. Alisimama kidogo, kama mtu aliyeitwa, kisha akaendelea kuzikunja.

*

Fundi Saa alinyolewa siku zote asubuhi, duka likifunguliwa tu. Siku ile alichelewa kwa sababu ya mteja msumbufu, akaingia jua likiwa limeshapanda, akakaa kitini kama kawaida. Watu wawili walikuwa benchini. Mashine ilimaliza kazi yake salama. Ukabaki wembe, wa kuzungushia sikio.

Kinyozi alishusha pumzi, akaegemeza kiwiko ubavuni, kama alivyojifunza kufanya siku za karibuni. Alimuona rafiki yake kwenye kioo: alikuwa amekaa wima, amekazana, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Zamani alikuwa akisinzia kwenye kiti kile. Wembe ukagusa ngozi, mkono ukaruka wenyewe kama umeitwa na mtu mwingine, na damu ikatiririka kwenye shuka jeupe.

"Nimejitikisa," Fundi Saa alisema papo hapo. "Kosa langu, ndugu yangu. Kuna nzi alinipitia."

Hapakuwa na nzi. Waliokuwa benchini waligeukia samaki, wakawatazama kwa bidii kubwa. Kinyozi alibandika pamba, akasafisha kwa spiriti, akakataa kulipwa, na Fundi Saa akaacha malipo juu ya meza vilevile, chini ya kopo la poda, kama anayeacha sadaka. Kule kufichwa kwa malipo ndiko kulikomuuma kinyozi kuliko damu.

Baada ya hapo Fundi Saa alianza kuvaa kofia. Alisalimia kutoka ng'ambo kwa kuinua mkono, akasingizia kazi nyingi. Kinyozi alijiambia kwamba kidonda bado kibichi. Nywele za rafiki yake zilipopaswa kuwa zimeshakua, aliamua kuvuka barabara mwenyewe, akajipa kisingizio cha kupeleka saa ya ukutani iliyokuwa inachelewa.

Alimkuta Fundi Saa ameinamia kazi, kioo kimebana jichoni, kofia iko mezani. Kisogo chake kilikuwa mbele ya macho ya kinyozi, kimenyolewa vizuri, pengine juzi. Ukingo wa chini ulikuwa umekatwa mstari mnyoofu kama rula. Kinyozi hakuwahi kukata hivyo maishani mwake. Yeye aliuviringisha, ufuate shingo. Kila kinyozi anaujua mkono wa mwenzake kama mtu anavyoujua mwandiko, na mwandiko ule ulikuwa wa mtu mwingine.

Fundi Saa alihisi kuna mtu, akageuka. Mkono wake ulikwenda kisogoni wenyewe, ukafunika, na walitazamana hivyo, mmoja ameficha shingo, mwingine ameficha mkono mfukoni.

"Kuna joto leo," alisema Fundi Saa.

"Kuna joto," kinyozi alikubali. Akaweka saa mezani, akarudi ng'ambo, akawaambia wateja waliokuwa wakimsubiri kwamba hajisikii vizuri, akafunga duka jua likiwa utosini.

*

Alisema ni mafua. Siku ya kwanza mkewe alimchemshia maji ya tangawizi. Siku zilizofuata aliacha kuchemsha, maana mafua yasiyo na chafya yanajulikana. Kinyozi alilala akiugeukia ukuta, ndevu zikaota, na mlango ulipogongwa alijikohoza ili asikike. Mshahara wa mpishi wa shule ulitosha kula. Haukutosha kula na kulipia duka lililofungwa. Jioni moja mkewe alirudi na chombo cha plastiki kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani, akaanza kuzungumzia mvua. Kinyozi aliufahamu wali uliopikwa kwa sufuria kubwa. Ulikuwa mabaki ya wanafunzi. Mke wake alifanya kazi jikoni mle tangu Chiriku hajaota meno, na hajawahi hata siku moja kutoka na tonge la watu.

Alikula. Kila tonge lilikuwa na uzito wake. Alipomaliza akasema kwamba kesho atafungua duka.

"Kwa mkono upi?" mkewe aliuliza.

Katika ndoa yao yote neno hilo lilikuwa halijawahi kuwekwa mezani.

"Unasema nini, Mama Chiriku?"

"Nasema mficha maradhi kifo humwumbua. Sisi bado hatujafika kwenye kifo, tumefika kwenye sikio la watu. Kesho itakuwa shingo."

"Ukilisema hilo kwa sauti, watu watajua."

Mkewe alivuta kiti, akaketi karibu naye, magoti yakagusana. "Watu wanajua, mume wangu. Wanajua tangu mwaka jana. Hujawahi kujiuliza kwa nini asubuhi duka linajaa na mchana hakuna mtu? Walikubaliana wenyewe kwa wenyewe. Mkono wako asubuhi umetulia. Anayetaka wembe huenda asubuhi, anayetaka mashine tu huenda baadaye. Fundi Saa ndiye aliyekuwa akiwaambia. Akimwona mtu anakuja mchana na ndevu, anamwita kibandani kwake, anamchelewesha kwa maneno mpaka anaahirisha."

Kinyozi alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alizikumbuka zile asubuhi zenye foleni, na jinsi alivyojisifu kwamba duka lake linaamsha mtaa. Alikumbuka wanaume walioketi wima. Walikuwa wanajua na bado walikuja, wakampa makoo yao. Haya ilimpanda hadi masikioni, na nyuma ya haya kulikuja kitu kingine ambacho hakujua akiite nini, kwa sababu hakuna mtu anayechangiwa hivyo na mtaa mzima ila amewahi kuwa mtu.

"Na yeye Fundi Saa mwenyewe?" aliuliza baadaye. "Mbona alikwenda kwingine?"

"Alikuja hapa usiku mmoja kabla ya kwenda. Ulikuwa umelala. Alisema akikaa tena kwenye kiti chako utaogopa kumkata, na ukiogopa utamkata. Alisema bora umchukie."

*

Asubuhi alikwenda dukani. Alijiambia anakwenda kuwapa samaki chakula, basi. Alifungua mlango nusu, akaingia na nuru kidogo, na kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba sakafu imefagiwa. Samaki walikuwa wazima, wameshiba. Ndani ya maji lilining'inia jani la mchicha lililochemshwa, limefungwa kwa uzi kwenye kijiko, na konokono wawili walikuwa juu yake wakilitoboa. Akaelewa. Vioo vyote vilikuwa vimetakata; wafanyakazi walikuwa wameimaliza kazi, na mtu fulani alikuwa na akili ya kutambua kwamba aliyemaliza kazi naye anakula.

Mmoja alikuwa chini, kwenye mchanga, amelala chali. Kifuniko chake kidogo, kile cha mlango wa gamba, kilikuwa kimejifunga. Muuzaji alikuwa amesema kwamba wa aina hii akianguka chali mara nyingi hawezi kujigeuza, na asipopata msaada hufia hapohapo huku wenzake wakipita.

Kinyozi alikunja shati mpaka begani, akatumbukiza mkono wa kulia. Samaki walitawanyika. Maji yakajaa vijiwimbi, yakatetemeka yote, kwa hiyo hakuweza kuona vizuri anachokitafuta. Vidole vilimgusa konokono, vikampoteza, vikamsukuma kwenye jiwe. Alijaribu tena. Mara hii alimbana, akamwinua kidogo, naye akaponyoka na kuanguka chali tena, palepale. Angeweza kutumia mkono wa kushoto. Wazo hilo lilimjia, akalikataa. Aliacha kupigana na mtetemeko, akauachia mkono uteremke mpaka kiganja kikalala kwenye mchanga, na pale chini, umeegemea, ukatulia kiasi. Akamviringisha konokono kwa kidole kimoja, polepole, mpaka ule mgongo wenye mistari ukatazama juu.

Kisha akangoja, mkono ungali majini. Baada ya muda kifuniko kilifunguka, mguu ukajitokeza kama ulimi, ukashika mchanga.

Alipogeuka alimwona Chiriku mlangoni, mkoba wa kazini begani. Hakujua amesimama pale tangu lini.

"Ulikuwa unanitazama tu," alisema. "Hukuja kunisaidia."

"Ungekubali, Baba?"

Kinyozi alichukua taulo akajifuta mkono, bila haraka, mbele ya bintiye, bila kuutia mfukoni. Kisha akaenda kwenye kiti, kile cha kuzunguka, ambacho yeye mwenyewe hukikalia tu wakati wa kuhesabu nyembe, akaketi, akaegemeza kichwa nyuma.

"Kinyozi hajinyoi," alisema. "Fanya kazi."

Chiriku aliweka mkoba chini. Aliosha mikono. Alifunga shuka shingoni mwake, akaingiza kidole kuhakikisha halimkabi, jambo ambalo kinyozi alikuwa akilifanya kwa kila mtu na hakuwahi kumfundisha mtu. Alianza na mashine, akaanzia kisogoni. Baba yake alimfuatilia kwa masikio, kwa sababu mashine ina sauti moja ikikata nywele na nyingine ikikata hewa, na hii haikukata hewa. Kwenye ndevu akabadilisha wembe, akanyoosha ngozi kwa vidole viwili. Kinyozi alikusudia kuwa macho mpaka mwisho, akague kila hatua. Alipofumbua macho alisikia harufu ya spiriti, akagundua kwamba alikuwa amesinzia.

Alijitazama kwenye kioo, akageuza kichwa huku na huku. Aliomba kioo cha mkononi, akatazama kisogo. Ukingo ulikuwa umeviringishwa, umefuata shingo.

"Nani kakufundisha?"

"Nilikuwa nafagia nywele humu tangu nasoma darasa la kwanza," alisema Chiriku. "Ulifikiri natazama ufagio?"

Kinyozi aliinuka kitini. Alivua shuka, akalikung'uta mwenyewe. Kisha akamuuliza kama mama mwenye saluni atamwachia, na Chiriku akajibu kwamba alishamuaga juzi, alikuwa anangoja tu kuambiwa. Kinyozi akamwambia kwamba wanaume watasema. Chiriku akamwambia wanaume walisema hata kuhusu konokono.

Kinyozi alivuka barabara. Fundi Saa alimwona anakuja, akatafuta kofia, akaikosa.

"Huyo aliyekunyoa amekufanya kama boksi," kinyozi alimwambia. "Zikikua njoo. Kiti kina mtu mpya."

"Nani?"

"Binti yangu." Akaweka mkono wa kulia juu ya meza ya saa, kati ya vyuma vidogo, akauacha ucheze kadiri ulivyotaka, na vyuma navyo vikacheza. "Mkono huu umestaafu. Mimi sijastaafu. Na ahsante kwa zile asubuhi."

Fundi Saa alitazama chini. Alianza kusema kwamba haelewi ni asubuhi gani, akakomea njiani, akauweka mkono wake juu ya ule wa rafiki yake, na wote wakakaa hivyo kidogo, vyuma vya saa vikiwa vimetulia.

*

Si wote waliokubali. Kuna mzee aliyeingia, akamwona Chiriku na mashine, akauliza habari za mvua, akatoka. Kuna kijana aliyesema dini ya baba yake haimruhusu kushikwa kichwa na mwanamke asiyemjua, na kesho yake akaonekana akisukwa na mwanamke asiyemjua. Wiki za mwanzo benchi lilikuwa na watu wengi wa kutazama na wachache wa kunyolewa. Fundi Saa alikuja na nywele ambazo hazijakua vya kutosha, akakaa kitini mchana kweupe, mlango wazi, akasinzia. Wapita njia walimwona amelala na wembe kooni. Hilo lilifanya kazi kuliko tangazo.

Kinyozi alihamia pembeni, kwa tangi. Alichemsha majani, akasaga maganda, akabadilisha maji kwa ndoo ndogo. Alimkosoa Chiriku mbele ya watu mara moja tu, kuhusu namna ya kushika kitana, na Chiriku akamjibu kwa adabu kwamba duka moja halina vinyozi wawili. Watu walimtazama kinyozi waone atafanya nini. Akawaambia, "Mmesikia wenyewe," na akarudi kwa konokono wake, na aliyekuwa karibu alimwona anatabasamu ndani ya tangi.

Siku moja akaingia mgeni, mtu wa tai na koti, ambaye dhahiri alikuwa anawahi mahali pa maana. Duka lilikuwa limejaa. Alimpita Chiriku, aliyekuwa anapangusa kiti, akaenda moja kwa moja kwa mzee, ambaye mkono wake ulikuwa ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko.

"Shikamoo mzee. Namtafuta kinyozi. Nimeambiwa humu kuna mkono mwepesi kuliko wote mjini."

"Marahaba. Ni kweli, yupo." Kinyozi alitoa mkono majini, akaunyoosha kuelekea kitini. Ulikuwa unatetemeka na kudondosha maji sakafuni. "Ni yule pale."

Mgeni alimtazama Chiriku, akautazama ule mkono ulionyooshwa.

"Samahani, mzee," alisema kwa sauti ya chini. "Mkono wako unatetemeka."

"Naam," kinyozi alisema, na hakuushusha. "Huu ndio uliomfundisha."

Mgeni akavua koti, akatafuta pa kulitundika, akaketi.